Ubongo wa Mtoto Asiyetulia: Vipimo Vinajua Nini?

Swali la wazazi ni lilelile, iwe Temeke au Kisumu: inakuwaje mtoto anayeweza kucheza gemu ya simu tangu Magharibi mpaka Isha bila kupepesa jicho ashindwe kukaa na hesabu tano za kuzidisha? Jibu la haraka ni kwamba ni mvivu, au kadekezwa, au hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Wengine wanasema ana mashetani. Swali lenyewe lina akili kuliko majibu hayo yote, kwa sababu linagusa kiini cha hali ambayo madaktari wanaiita ADHD, yaani upungufu wa umakini unaoandamana na utukutu na pupa. Kama umakini ungekuwa umekauka kweli, mtoto huyu angeshindwa na gemu pia. Hashindwi. Kinachomtatiza ni kuupeleka umakini pale unapotakiwa, hasa kazi inapokuwa haina raha wala zawadi ya papo kwa papo.

Tuweke mipaka kwanza. Kila mtoto ana siku zake za utundu. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013, ambao hutumika sehemu nyingi duniani, unadai dalili zisizopungua 6 za kutokuwa makini au za utukutu na pupa, zilizodumu angalau miezi 6, zilizoanza kabla ya miaka 12, na zinazoonekana katika mazingira zaidi ya moja. Anayesumbua darasani tu huku nyumbani ametulia hajatimiza sharti. Wachambuzi waliokusanya tafiti za mabara mbalimbali mwaka 2007 walipata kwamba watoto na vijana wenye hali hii ni takriban 5 kwa kila 100, kwa hiyo si ugonjwa wa wazungu. Na huenda sana na ukoo: tafiti za mapacha zinaonesha kwamba tofauti kati ya mtoto na mtoto hutokana na urithi kwa kiasi cha asilimia 74 hivi. Malezi yana uzito wake katika maisha ya mtoto, lakini anayemlaumu mama peke yake anakosea mlango.

Mchango wa ubongo wenyewe ulianza kuchunguzwa kwa njia ya ajabu. Mwaka 1937 daktari Charles Bradley, aliyesimamia hospitali ya watoto wenye matatizo ya tabia huko Rhode Island, Marekani, alikuwa akitaka kuona ndani ya vichwa vya wagonjwa wake. Njia ya siku hizo ilikuwa mateso: maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo yalitolewa kwa sindano na hewa kuingizwa mahali pake, ili ubongo uonekane kwenye eksirei. Watoto walibaki na maumivu makali ya kichwa. Bradley akawapa Benzedrine, dawa ya jamii ya amfetamini, akitarajia iwatulize maumivu. Maumivu hayakupungua kwa kiasi cha kusifiwa, ila walimu walishangaa. Kati ya watoto 30 aliowaandika katika ripoti yake, 14 walibadilika ghafla katika masomo, wakawa wanakaa na kumaliza kazi. Dawa inayojulikana kwa kuwachangamsha watu wazima ilikuwa imewatuliza watoto. Kwa maneno mengine, tiba ya hali hii ilizaliwa kwa bahati, pembeni mwa jaribio la kupiga picha ubongo, na hadi leo picha za ubongo zinawahangaisha watafiti.

Zilipofika mashine za MRI, watafiti walipata njia ya kuona ubongo ukifanya kazi bila kuuchoma sindano. Jaribio lililotumika sana kuchunguza pupa linastahili kuelezwa taratibu, maana ndani yake kuna ufundi. Mtoto analazwa chali ndani ya mashine, kichwa kimeshikwa na sponji, masikioni ana vizibo vya kumkinga na kelele. Mkononi ana vitufe viwili. Juu ya macho yake, kwenye kioo, unatokea mshale: ukielekea kushoto abonyeze cha kushoto, ukielekea kulia abonyeze cha kulia, tena upesi. Mara moja moja, tuseme mara 1 katika 4, mshale ukishatokea inafuata ishara ya kumkataza: usibonyeze. Ishara hiyo huja ikiwa imechelewa kwa sehemu ndogo ya sekunde, na kompyuta huuchezea muda huo. Mtoto akifaulu kujizuia, ishara ya safari ijayo inacheleweshwa zaidi, akishindwa, inawahishwa. Mwishowe kila mtoto, mwenye ADHD na asiye nayo, anasukumwa hadi mahali anaposhindwa nusu ya safari. Kwa kuwa wote wamefikishwa hapo, haiwezekani tena kusema huyu kafeli na yule kafaulu. Kinachopimwa ni muda ambao ubongo wa kila mmoja unahitaji ili kulifuta agizo ambalo kidole kimeshapewa. Kwa wastani, ubongo wa mtoto mwenye ADHD unahitaji muda mrefu zaidi.

Wakati wa kufuta agizo, sehemu inayowaka kwenye picha ni gamba la mbele la ubongo upande wa kulia, chini kidogo, ikishirikiana na viini vilivyo ndani kabisa ya ubongo vinavyoitwa striatamu, ambako mienendo inaruhusiwa au kuzuiwa kabla haijafika kwenye misuli. Mwaka 1999 Katya Rubia na wenzake wa London waliripoti kwamba kwa vijana wenye ADHD sehemu hizo zilifanya kazi kwa unyonge kuliko kwa wenzao. Tafiti nyingi zilizofuata zilisema hivyohivyo. Russell Barkley, mwanasaikolojia wa Marekani, alikuwa ameshajenga nadharia nzima juu ya jambo hilo mwaka 1997: tatizo mama ni kushindwa kujizuia, na mengine yote, kusahau, kutojipanga, kulipuka kwa hasira, ni watoto wa tatizo hilo.

Nadharia nzuri, lakini haikutosha. Haielezi gemu ya simu.

Edmund Sonuga-Barke, mtafiti wa Uingereza, alileta hoja nyingine: kuna watoto ambao wanaweza kujizuia vizuri tu, ila kusubiri kunawatesa. Mpe mtoto hiari ya pointi 1 sasa hivi au pointi 2 baada ya nusu dakika, na mwenye ADHD huelekea kuchukua ile moja. Hapa tunaingia kwenye dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kupelekeana habari, hasa habari kwamba jambo hili lina faida, liendelee. Mwaka 2009 kundi la mtafiti Nora Volkow lilipima watu wazima 53 wenye ADHD ambao hawakuwa wametumia dawa, likawalinganisha na 44 wasio nayo. Katika njia za ubongo zinazoshughulikia zawadi, alama za dopamini zilikuwa pungufu kwa kundi la kwanza. Sasa gemu inaeleweka. Gemu hailipi mwisho wa muhula. Inalipa kila baada ya sekunde chache, kwa sauti, kwa rangi, kwa nyota inayoruka. Hesabu za kuzidisha zinalipa kesho mwalimu akisahihisha, au mwakani kwenye mtihani, au utu uzima. Ubongo unaoithamini mno zawadi ya sasa na kuipuuza ya baadaye utachagua gemu kila siku, na mwenye ubongo huo atashangaa pamoja nawe kwa nini hakumaliza kazi yake.

Ndiyo maana dawa kama methilifenideti, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ritalin, hufanya inachofanya. Inaziba mlango ambao seli hutumia kuirudisha dopamini ndani baada ya kuitoa, kwa hiyo dopamini hukaa nje kwa muda mrefu zaidi na ujumbe husikika. Noradrenalini nayo huongezeka kwa njia hiyohiyo. Amy Arnsten wa Chuo Kikuu cha Yale ameonesha kwa miaka mingi kwamba gamba la mbele la ubongo ni jepesi kuyumba: kemikali hizi zikipungua mno linazembea, zikizidi mno, kama wakati wa hofu kubwa, linazimika. Linafanya kazi katika kiwango cha kati tu. Walimu wanaopenda fimbo wangefaidika na somo hilo, kwa sababu mtoto aliyejaa hofu ana gamba la mbele lililofungwa. Umemnyamazisha, hujamsaidia kujitawala.

Hapa kuna mtego ambao umewanasa hata madaktari. Wazazi wengi huambiwa: mpe dawa, akitulia basi alikuwa na ADHD. Si kweli. Mwaka 1978 Judith Rapoport na wenzake waliwapa amfetamini wavulana 14 wasio na tatizo lolote. Nao walitulia, wakawa makini zaidi. Dawa inamsukuma kila mtu kuelekea upande mmoja, kwa hiyo kufanya kazi kwake hakuthibitishi ugonjwa.

Mchango wa tatu wa ubongo, baada ya kushindwa kujizuia na kuteswa na kusubiri, na kwangu ndio unaovutia kuliko yote, unahusu kutokuwa na uthabiti. Ukimpa mtoto mwenye ADHD kazi ya kubonyeza kitufe kila anapoona alama fulani, wastani wa kasi yake unaweza usiwe mbaya sana. Kinachomtofautisha ni kuruka kwa kasi hiyo: mara upesi, mara upesi, halafu ghafla kuna safari moja iliyochelewa vibaya, kisha upesi tena. Ni kama redio iliyo mbali na mnara: stesheni ipo, sauti inakuja na kuondoka. Matokeo haya yamejirudia katika maabara nyingi kuliko karibu jambo lingine lolote kuhusu hali hii. Maelezo yake yalianza kupatikana baada ya Marcus Raichle wa St. Louis kueleza mwaka 2001 kwamba ubongo una mtandao unaochacharika tunapokuwa hatufanyi kitu maalumu, tunapowaza yetu, tunapokumbuka ya jana. Kwa kawaida mtu akianza kazi inayodai umakini mtandao huo hunyamazishwa. Mwaka 2007 Sonuga-Barke na Xavier Castellanos walipendekeza kwamba kwa wenye ADHD haunyamazi sawasawa. Unaingilia kazi katikati, kwa vipindi, na kila ukiingilia kuna kosa au kuchelewa. Mwalimu anayesema "juzi alifanya vizuri, leo hataki tu" anaeleza jambo hilohilo bila kujua. Kufanya vizuri juzi hakuthibitishi kwamba leo hataki.

Halafu kuna suala la ukuaji. Philip Shaw na wenzake, wa taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani, walifuatilia picha za ubongo za watoto 223 wenye ADHD na 223 wasio nayo, wakatoa matokeo yao mwaka 2007. Gamba la ubongo hunenepa utotoni hadi kilele chake, kisha huanza kupungua linapojipanga. Kwa watoto wa kawaida nusu ya maeneo yaliyopimwa yalifika kilele kwenye umri wa miaka 7 na nusu hivi. Kwa wenye ADHD, miaka 10 na nusu. Uchelewaji ulikuwa mkubwa zaidi sehemu ya mbele, ile ya kujizuia na kupanga. Sehemu inayoendesha misuli, kinyume chake, iliwahi kukomaa. Fikiria mtoto ambaye mwili wake uko tayari kuruka huku uwezo wa kuuambia utulie bado uko njiani. Mfuatano wa ukuaji ulikuwa uleule kwa makundi yote mawili. Kilichotofautiana zaidi ni saa.

Jambo hili la saa lina upande wake wa hatari. Katika jimbo la British Columbia, Kanada, watafiti walichunguza rekodi za watoto zaidi ya 900,000 na kutoa matokeo mwaka 2012. Mwaka wa kuandikishwa shule huko hukatwa mwisho wa Desemba. Wavulana waliozaliwa Desemba, yaani wadogo kuliko wote darasani, walipatikana na ADHD kwa asilimia 30 zaidi ya waliozaliwa Januari. Kwa wasichana ilikuwa asilimia 70 zaidi. Ubongo wa Desemba hauna ugonjwa ambao wa Januari hauna. Ni mdogo tu kwa miezi 11, na mwalimu anaulinganisha na wakubwa wake.

Hadi hapo msomaji anaweza kudhani mambo yamekwisha: gamba la mbele linazembea, dopamini pungufu, mtandao wa mawazo unaingilia, ukuaji umechelewa, basi tupige picha tupate jibu. Nami ningependa iwe hivyo. Ila ukizikusanya tafiti pamoja, picha inafifia.

Angalia historia. Mwaka 1990 mtafiti Alan Zametkin na timu yake waliripoti kwamba watu wazima 25 wenye hali hii ubongo wao ulitumia sukari pungufu kwa asilimia 8 hivi. Magazeti yalishangilia: ADHD imeonekana. Miaka 3 baadaye timu hiyohiyo ikawapima vijana, na upungufu wa jumla haukuonekana. Utafiti wa Rubia nao ulikuwa na vijana wasiofika 10 kila kundi. Mwaka 2017 ushirikiano mkubwa wa kimataifa, ukiongozwa na Martine Hoogman wa Uholanzi, ulikusanya picha za watu 1,713 wenye ADHD na 1,529 wasio nayo. Ndiyo, viini vitano vya ndani vilikuwa vidogo kwa wastani, hasa kwa watoto. Lakini tofauti zenyewe zilikuwa ndogo mno kiasi kwamba makundi mawili yalilaliana karibu kabisa. Ukinipa picha moja bila jina, siwezi kukuambia imetoka kundi gani, na mtaalamu bingwa hawezi pia. Mwaka 2019 wachambuzi walikusanya tafiti 96 za picha za watoto na vijana, wakatafuta sehemu ya ubongo ambayo zinakubaliana. Hawakuipata. Mwaka 2022 Scott Marek na wenzake wakaonesha katika jarida la Nature sababu mojawapo: kuhusisha ubongo na tabia kwa uhakika kunahitaji maelfu ya watu, na tafiti za kawaida zilikuwa na watu 25 hivi.

Je, yote yalikuwa uongo? Sidhani. Watoto 100 wanaweza kuingia kwenye jina moja kwa njia tofauti: huyu kwa kushindwa kufuta agizo, yule kwa kuteswa na kusubiri, mwingine kwa mtandao usionyamaza, na wengine kwa vitu viwili au vitatu pamoja. Ukiwachanganya na kutafuta wastani, unapata mtu ambaye hayupo. Naona hilo ndilo somo kubwa la miaka 30 ya picha, na ni la manufaa kuliko rangi nyekundu na bluu zinazopamba makala.

Biashara, hata hivyo, haisubiri sayansi. Mwaka 2013 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha kifaa kinachopima uwiano wa aina mbili za mawimbi ya ubongo, theta na beta, kama msaada wa kutambua ADHD. Mwaka huohuo uchambuzi wa tafiti zilizopo ulionesha kwamba uwiano huo hautegemeki kama kipimo, na mwaka 2016 chama cha madaktari wa neva cha Marekani kikasema usitumike nje ya utafiti.

Kwetu Afrika Mashariki kuna sababu ya ziada ya kutokimbilia jina la ADHD: umakini huharibiwa na mambo mengine ambayo yapo nasi. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, watafiti waliwafuatilia watoto wa miaka 5 hadi 12 waliopona malaria iliyopanda kichwani. Ripoti yao ya mwaka 2008 ilisema kwamba baada ya miaka 2, mtoto 1 kati ya 4 alikuwa na upungufu wa uwezo wa akili, na eneo lililoumia zaidi lilikuwa umakini. Mtoto kama huyo anaweza kuonekana sawasawa na mwenye ADHD ya kurithi, lakini historia yake ni nyingine. Kuna madini ya risasi pia. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi ubavuni mwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Risasi hujipenyeza kwenye seli za neva mahali pa kalsiamu, na tafiti za nchi nyingi zimeihusisha na umakini hafifu na pupa kwa watoto. Upungufu wa madini ya chuma nao una njia yake, kwa kuwa ubongo unahitaji chuma kutengeneza dopamini. Ongeza vifafa vidogo vinavyomfanya mtoto azubae kwa sekunde chache, usikivu ulioharibiwa na usaha wa masikio, macho yasiyoona ubaoni, na usingizi wa kukatikakatika. Kila kimoja kati ya hivi vya mwisho kina namna yake ya kushughulikiwa, na hakuna hata kimoja kinachohitaji Ritalin.

Kwa upande wa tiba, methilifenideti ilipoombewa nafasi katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ilikataliwa mwaka 2019 na tena 2021, na madaktari wa akili ya watoto katika nchi zetu ni wachache mno. Dawa inamsaidia mtoto aliyepimwa vizuri, sina shaka na hilo. Ila mengi yanawezekana bila duka la dawa, na yanafuata moja kwa moja yale ambayo maabara zimeonesha: maagizo mafupi, moja moja, kazi iliyokatwa vipande vya dakika 10, sifa inayotolewa hapohapo, siyo Ijumaa, dawati la mbele mbali na dirisha, ruhusa ya kusimama na kwenda kufuta ubao.

Basi mzazi, mtu akikuambia kwamba kwa pesa kadhaa atampiga mwanao picha ya ubongo au atampima mawimbi ya kichwa na kukupa jibu la ADHD, usimlipe. Anza na masikio, macho na damu katika hospitali ya karibu, na umweleze daktari kama mtoto aliwahi kupata degedege au malaria kali. Dalili zikiwa zimedumu zaidi ya miezi 6, nyumbani na shuleni, omba rufaa kwenda kitengo cha afya ya akili, iwe Muhimbili, Mathari, Butabika au hospitali ya mkoa wako. Usiende mikono mitupu. Chukua madaftari yake, na umwombe mwalimu wake aandike barua inayoeleza anachokiona darasani.